Sura ya Sita: Mwanamke wa Nne

Mchana wa tarehe 6 Julai 1944, wafungwa wa kambi ya Natzweiler, kwenye milima ya Vosges mashariki mwa Ufaransa, waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Wanawake wanne walikuwa wakipitishwa kwenye njia iliyoteremka katikati ya mabanda. Natzweiler ilikuwa kambi ya wanaume. Wageni hao hawakuvaa sare za wafungwa; walikuwa na mavazi yao ya mjini, na mmoja alikuwa amelikunja koti la manyoya mkononi. Walishushwa hadi jengo la mahabusu lililokuwa chini kabisa ya kambi, jirani na tanuri la kuchomea maiti.

Miongoni mwa waliowatazama alikuwemo Brian Stonehouse, mchoraji kabla ya vita na jasusi wa Uingereza kabla ya kukamatwa. Alizishika sura zao kichwani: kimo, rangi ya nywele, utepe aliofunga mmoja wao. Alikuwemo pia daktari wa Kibelgiji, Albert Guérisse, aliyewahi kuongoza njia ya siri ya kuwatorosha marubani na askari kutoka Ufaransa. Yeye alimtambua mmoja, Andrée Borrel, kwa kuwa binti huyo alikuwa amefanya kazi kwenye njia hiyohiyo. Usiku ulipoingia wafungwa waliamriwa kubaki ndani na kufunga madirisha. Wanawake wale walitolewa mmoja baada ya mwingine, wakadungwa sindano ya fenoli, kisha wakatiwa tanurini. Mahakamani, miaka miwili baadaye, mashahidi walisema kwamba angalau mmoja wao alizinduka mlangoni mwa moto na akapigana.

Watatu walikuja kujulikana: Andrée Borrel, Diana Rowden na Vera Leigh. Wa nne alipewa jina lisilo lake. Ilichukua vita viishe, kesi ziishe na wanyongaji wamalize kazi yao, ndipo jina lake halisi likatamkwa hadharani. Habari yake haiwezi kusimuliwa bila kumsimulia mwanamke aliyekwenda Ujerumani kuwatafuta hao wote, ambaye alimpita karibu akidhani amempata mtu mwingine.

Jina lake Vera Atkins. Ofisi yake wakati wa vita ilikuwa Baker Street, London, katika idara iliyoundwa Julai 1940 kwa jina la Special Operations Executive, kwa kifupi SOE. Idara hiyo ilipenyeza watu katika nchi zilizokaliwa na Wajerumani ili walipue reli, wagawe silaha kwa vikundi vya upinzani na kutuma habari kwa redio. Kitengo F, cha Ufaransa, kiliongozwa na Kanali Maurice Buckmaster, ambaye kabla ya vita alikuwa meneja wa kampuni ya magari ya Ford nchini humo. Kitengo hicho kilipeleka zaidi ya watu 400. Wanawake walikuwa 39, na 13 kati yao hawakurudi.

Vera aliingia mwaka 1941 akiwa mhazili, na haukupita muda akawa ndiye kumbukumbu ya kitengo kizima. Yeye ndiye aliyejua mkate unauzwa kwa kuponi zipi mjini Lyon mwezi huu, treni gani imefutwa, kitambulisho gani kimebadilishwa rangi. Yeye ndiye aliyewasindikiza wasafiri hadi uwanja wa ndege usiku wa mbalamwezi, akawapekua mifuko, akachunguza lebo za nguo. Tikiti ya basi la London iliyosahaulika kwenye koti ingetosha kumwua mtu na wenzake wote.

Sisi tuliokua tukisoma riwaya za Elvis Musiba tulimzoea Willy Gamba, kachero shupavu anayejua kupiga, kupenda na kuponyoka. Watu wa Kitengo F walitoka upande mwingine kabisa wa maisha. Vera Leigh alikuwa mtengenezaji wa kofia za akina mama mjini Paris. Andrée Borrel alikuwa muuza duka. Violette Szabo alikuwa mjane wa miaka 22 mwenye mtoto mchanga. Mumewe, askari wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa, aliuawa El Alamein mwaka 1942 bila kumwona binti yao. Na Noor Inayat Khan alikuwa mtunzi wa hadithi za watoto.

Noor nitakaa naye kidogo, kwa sababu ndiye ambaye Vera Atkins hakuweza kumtoa moyoni. Alizaliwa Moscow mwaka 1914. Baba yake, Hazrat Inayat Khan, alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa kisufi kutoka India, wa tarika ya Chishti na wa uzao wa Tipu Sultan wa Mysore. Mama yake alikuwa Mmarekani. Noor na wadogo zake walilelewa Suresnes, kando ya Paris, katika nyumba iliyojaa muziki, dhikri na wageni. Baba alifariki Noor akiwa na miaka 13, na mtoto huyo akawa nguzo ya mama yake na wadogo zake. Mwaka 1939 alichapisha kitabu cha hadithi za kale za Kibuddha kwa watoto. Wajerumani walipoingia Ufaransa mwaka 1940, familia ilikimbilia Uingereza. Noor, aliyefunzwa tangu utotoni kutomdhuru kiumbe, alijiunga na jeshi la anga na kusomea redio.

SOE ilimchukua kwa sababu mbili: alizungumza Kifaransa cha mtu aliyekulia huko, na kidole chake kilikuwa chepesi kwenye mtambo. Baadhi ya wakufunzi walimwona hafai kwa kazi hiyo. Walisema ni mwenye ndoto, mwoga wa kusema uongo, anayeonekana mno popote aendapo. Buckmaster aliyapuuza maoni yao. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1943, uwanjani kwa kuondokea, Noor aliisifu bruchi ya fedha yenye umbo la ndege iliyokuwa kwenye koti la Vera. Vera akaibandua na kumkabidhi. Saa chache baadaye ndege ndogo ya aina ya Lysander ikamshusha kwenye shamba karibu na Angers. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwendesha redio kupelekwa na Uingereza katika Ufaransa iliyotekwa. Diana Rowden alisafiri usiku huohuo.

Aliyewapokea shambani alikuwa Henri Déricourt, rubani Mfaransa, ofisa wa Kitengo F aliyechagua viwanja vya kutulia ndege na kukusanya barua walizoandika majasusi kwa ndugu zao na kwa makao makuu. Baada ya vita, maofisa wa Kijerumani waliohojiwa walieleza kwamba barua hizo zilipitia kwao zikapigwa picha kabla ya kusafirishwa London. Hebu fikiria maana yake. Kila mtu aliyemshukuru Déricourt kwa kumvusha salama alikuwa ameacha maandishi yake mikononi mwa adui.

Siku chache baada ya Noor kufika, mtandao mkubwa wa Paris ulioitwa Prosper ulianguka. Kiongozi wake, Francis Suttill, alikamatwa tarehe 24 Juni, na pamoja naye wakakamatwa Borrel na mwendesha redio Gilbert Norman, kisha mamia ya Wafaransa waliowaficha. London ilimtaka Noor arudi. Alikataa. Aliona kwamba akiondoka hapatabaki sauti ya kuwaunganisha walionusurika, na kwa wiki kadhaa mtambo wake ulikuwa karibu peke yake mjini. Uzito wake ulikuwa kama kilo 15. Alihama nyumba hadi nyumba, akabadili rangi ya nywele, akatuma ujumbe kwa dakika chache na kukimbia kabla magari ya kunasa mawimbi hayajaufikia mtaa. Muda wa mwendesha redio kubaki huru mjini Paris ulikadiriwa kuwa wiki sita. Yeye alidumu karibu miezi minne.

Aliuzwa. Katikati ya Oktoba 1943 Wajerumani walimkuta ndani ya chumba alichokuwa akikitumia. Mwanamke Mfaransa alishtakiwa baada ya vita kwa kosa la kutoa anwani hiyo kwa fedha, na mahakama ikamwachia huru. Waliomkamata Noor walikuta kitu cha hatari kuliko mtambo wenyewe: daftari lenye nakala za jumbe zake zote. Alipelekwa kwenye nyumba namba 84, Avenue Foch, makao ya polisi wa usalama wa Wanazi, chini ya ofisa aliyeitwa Hans Kieffer. Hakuwapa chochote kwa mdomo wake. Siku ileile alijaribu kutoroka kupitia dirisha la bafu. Mwishoni mwa Novemba alijaribu tena, akapita paani usiku pamoja na wafungwa wenzake wawili, ila king'ora cha mashambulizi ya ndege kikalia, walinzi wakakagua vyumba, na wote watatu wakashikwa. Kieffer alimpeleka Ujerumani, katika gereza la Pforzheim. Huko alifungwa minyororo mikononi na miguuni kwa miezi kumi.

Hapa ndipo habari hii inaponiuma kuliko popote, na sababu si Déricourt. Msaliti anayelipwa tunamwelewa. Kila vita huwa naye. Ila kulikuwa na usaliti mwingine uliotendwa kwa nia njema, ofisini, na watu waliokuwa wakiwapenda waliowapeleka.

Wajerumani walikuwa na mchezo wao wa redio. Wakimkamata mwendesha mtambo, mtaalamu wao aliuchukua mtambo, msimbo na jumbe za zamani, akaendelea kuandikiana na London kana kwamba mwenyewe yupo. London ilijikinga kwa alama za siri: kila mwendesha redio alipewa makosa fulani ya kutia makusudi katika ujumbe, na yasipoonekana ofisi ijue amekamatwa. Gilbert Norman alipolazimishwa kutuma, aliiacha alama hiyo nje. Alifanya alichofundishwa, katikati ya maadui, roho mkononi. London ikamjibu kwa kumkemea: umesahau alama yako, uwe mwangalifu. Wajerumani waliokuwa wamesimama nyuma yake waliyasoma majibu hayo pamoja naye.

Kwa Noor ikawa vivyo hivyo. Leo Marks, kijana aliyesimamia misimbo ya SOE, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba alikuwa amempa Noor alama ya ziada ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa wao wawili: akitumia ufunguo wenye herufi 18, maana yake yuko mikononi mwa adui. Ujumbe wenye ufunguo wa herufi 18 ulifika. Marks akaripoti. Buckmaster akaendelea kutumaini. Kabla ya hapo lilikuwa limefika onyo jingine kupitia Uswisi, kwamba “Madeleine”, jina la kazi la Noor, amepata ajali mbaya na yumo hospitalini. Katika lugha yao hiyo ilikuwa na maana ya kukamatwa. Aliyetoa habari hiyo Paris aliitwa Sonia. Baker Street hawakuwa na faili la mtu wa jina hilo. Wakaliweka onyo kando. Sikio la kufa halisikii dawa.

Usiku wa mwisho wa Februari 1944, kwa kuuamini mtambo wa Noor, London iliwadondosha kwa miavuli France Antelme, Lionel Lee na Madeleine Damerment. Waliowapokea chini walikuwa Wajerumani. Antelme alikuwa mfanyabiashara wa Mauritius, na bahari yetu aliijua vizuri: kabla ya Ufaransa aliifanyia SOE kazi Madagascar, kisiwa kilekile ambako askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki walipigana katika nusu ya pili ya mwaka 1942. Aliuawa katika kambi ya Gross-Rosen. Msimsahau Damerment, tutakutana naye tena.

Vita vilipokwisha Mei 1945, mezani kwa Vera Atkins palikuwa na majina 118 ya watu wa Kitengo F ambao hawakurudi na hakuna aliyejua walipo. Barua za mama zao zilimfikia yeye. Serikali ilitaka kuifunga SOE, na iliifunga Januari 1946. Wakubwa hawakuona haja ya kumlipa mtu azunguke Ujerumani iliyobomoka akiwatafuta wafu. Vera aling'ang'ania. Alipewa cheo cha jeshi la anga na gari, akaambatanishwa na kitengo cha uchunguzi wa jinai za kivita kilichokuwa Bad Oeynhausen. Huko alihoji walinzi wa magereza, makarani, makamanda wa kambi, madereva na wafungwa walionusurika. Alikuwa hodari wa kukaa kimya mbele ya mtu mpaka mtu huyo aanze kusema. Kutoka kwa ofisa wa kambi ya Ravensbrück alipata maelezo ya jinsi Violette Szabo, Denise Bloch na Lilian Rolfe walivyopigwa risasi mwanzoni mwa 1945. Kati ya watu 118, alithibitisha mwisho wa 117.

Kwa upande wa Natzweiler alianza na Stonehouse, aliyetoka kambini hai na kuwachora wale wanne kwa kumbukumbu. Kisha akapata njia waliyopitia. Mei 1944 kundi la wanawake wanane lilisafirishwa kwa treni kutoka Paris hadi gereza la Karlsruhe. Odette Sansom, ambaye alinusurika, alikuwa mmoja wao. Hesabu ilimpa Vera majina saba yanayolingana na watu wake. Jina la nane katika kumbukumbu za gereza lilikuwa geni: Olschanezky. Vera alitazama mchoro wa Stonehouse, akaona mwanamke mwenye sura isiyo ya Kiingereza, akakata shauri kwamba hilo ni jina la bandia la Noor. Mwaka 1946 familia ya Inayat Khan iliarifiwa kwamba binti yao alifia Natzweiler. Kesi ya walinzi na daktari wa kambi ikasikilizwa Wuppertal mwaka huohuo, na daktari akahukumiwa kunyongwa.

Kilichokuja kuupindua ushahidi huo kilikuwa bakuli la gerezani. Mwanamke Mfaransa aliyenusurika Pforzheim alijitokeza kusema kwamba alifungwa jirani na ofisa wa Kiingereza aliyekuwa katika minyororo, asiyeruhusiwa kuzungumza na mtu. Wafungwa waliwasiliana kwa kukwaruza maneno kwenye vitako vya mabakuli ya chakula, na yule aliyefungwa minyororo alikuwa amekwaruza jina Nora Baker na anwani ya London, Taviton Street, alikokuwa akiishi mama yake. Nora Baker ni Noor. Baker ni ukoo wa mama. Na mfungwa huyo alikuwa bado yu hai Pforzheim miezi miwili baada ya moto wa Natzweiler.

Vera akaanza upya. Msururu wa ushahidi ulionyesha kwamba Septemba 1944 Noor alitolewa Pforzheim, akaunganishwa na wanawake watatu wa Karlsruhe, wakapelekwa Dachau kwa treni. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba walipigwa risasi. Wenzake walikuwa Yolande Beekman, Eliane Plewman na Madeleine Damerment. Ndiyo, yule Damerment aliyeitwa mautini kwa sauti ya mtambo wa Noor. Nimeisoma habari hii katika vitabu kadhaa na kila mara nasimama hapo. Walikaa pamoja ndani ya treni ile safari nzima. Je, Damerment alimweleza alivyoshuka na mwavuli wake katikati ya bunduki za Wajerumani? Hakuna mwandishi wa riwaya ninayemwamini kulijibu swali hilo.

Januari 1947 Vera alimkabili Kieffer, aliyekuwa amekamatwa akijificha Bavaria. Alimweleza kilichowapata wanawake wale baada ya kuondoka Avenue Foch. Kieffer, aliyemsifu Noor kwa ushujaa wake, akaanza kulia. Vera akamwambia kwamba kama kuna mtu mwenye haki ya kulia chumbani mle, si yeye. Kieffer alinyongwa mwaka huo kwa amri ya kuwaua askari wa Kiingereza waliotekwa. Noor alitunukiwa Msalaba wa George mwaka 1949.

Lakini kama Noor alifia Dachau, nani alikuwa mwanamke wa nne wa Natzweiler?

Hakuna ofisa aliyepewa gari kwenda kulijibu swali hilo. Jibu lilipatikana kwa mwanamke asiye na cheo, Elizabeth Nicholas, mwandishi wa habari za safari aliyesoma shule moja na Diana Rowden. Alitaka tu kujua rafiki yake alikufaje na kwa nini. Akasafiri Ufaransa, akagonga milango, akazungumza na walioachwa nyuma, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1958 akaliweka wazi jina la Sonia Olschanezky.

Alizaliwa Chemnitz, Ujerumani, siku ya Krismasi ya mwaka 1923, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Urusi, akakulia Paris na kuwa mcheza dansi. Mwaka 1942 alikamatwa kwa Uyahudi wake akafungwa Drancy, kituo ambacho treni zake zilikwenda Auschwitz. Mama yake alimtoa kwa karatasi za kughushi zilizosema ana ujuzi unaohitajika katika viwanda vya vita. Binti wa miaka 18 aliyeponyoka Drancy angeweza kujificha mpaka vita viishe. Sonia alijiunga na mtandao wa upinzani uliofanya kazi na SOE, akawa mjumbe wa kupeleka barua na vifaa. Naibu wa mtandao, Jacques Weil, alikuwa mchumba wake. Mkuu wao alipokamatwa Julai 1943, Weil alivuka kwenda Uswisi. Sonia alibaki Paris kuendelea na kazi, na habari zake akazipeleka kwa Weil, na Weil akazipeleka London.

Bila shaka msomaji ameshaunganisha. Sonia aliyeonya kwamba Noor amekamatwa, yule ambaye Baker Street hawakumwamini kwa kuwa hawakumjua, ndiye huyu. Alikamatwa Januari 1944. Aliuawa akiwa na miaka 20, na kwa muda hata kifo chake kiliandikwa kwa jina la mtu aliyejaribu kumsaidia. Hakuwa na faili kwa sababu aliajiriwa Paris. Hakupitia mafunzo ya Uingereza wala kuagwa uwanjani na Vera Atkins. Bamba la ukumbusho lililowekwa Natzweiler mwaka 1975 linamtaja pamoja na wale watatu. Mnara wa Kitengo F uliozinduliwa mjini Valençay mwaka 1991 una majina 104, na lake halimo, kwa hoja ileile ya kutopelekwa kutoka London. Hoja hiyo naiona ndogo mno mbele ya alichotoa.

Miaka ya 1950 ilikuwa ya wanawake waliokataa kunyamaza. Jean Overton Fuller, rafiki wa Noor, alitoa kitabu juu yake mwaka 1952 kisha hakuweza kuacha. Alimtafuta mkalimani wa Avenue Foch akampata. Alimtafuta Déricourt akampata, akakaa naye na kumwuliza uso kwa uso. Déricourt alikuwa ameshtakiwa mjini Paris mwaka 1948 na kuachiwa, baada ya Nicolas Bodington, aliyekuwa naibu wa Buckmaster, kusimama upande wake mahakamani. Mwaka 1962 alitoweka kwenye ajali ya ndege Laos. Fuller hakuridhika, mwaka 1989 alitoa kitabu kingine kizima juu ya mtu huyo, miaka 46 baada ya Noor kushuka kwenye lile shamba la Angers. Mbunge Irene Ward alilipeleka suala hilo Bungeni mwaka 1958, na shinikizo hilo ndilo lililoifanya serikali iagize historia rasmi, iliyoandikwa na M.R.D. Foot na kutoka mwaka 1966.

Na Vera Atkins? Aliitetea ofisi yake mbele ya wote hao. Mtu aliyeweza kumtoa ukweli kamanda wa kambi kwa kumkazia macho aligeuka ukuta kila Fuller na Nicholas walipouliza kwa nini London iliendelea kuuamini mtambo uliotekwa.

Sarah Helm, aliyeandika maisha yake katika kitabu cha mwaka 2005, anatoa sababu ambayo mimi naiona nzito. Vera hakuzaliwa Atkins. Alizaliwa Vera Rosenberg mjini Galați, Romania, mwaka 1908, binti wa Myahudi mwenye asili ya Ujerumani. Atkins ni jina la mama. Alihamia Uingereza mwaka 1937. Romania ilipoungana na Hitler, Vera akawa kisheria raia wa nchi adui, ameketi katikati ya ofisi ya siri kuliko zote. Helm anaeleza pia kwamba mwaka 1940 alisafiri hadi Antwerp kupeleka fedha kwa ofisa wa ujasusi wa Ujerumani ili ndugu yake wa ukoo wa Rosenberg aokolewe. Alifanya ambalo mtu yeyote mwenye ndugu angelifanya, ila lingejulikana, angefukuzwa siku hiyohiyo, pengine na kufungwa. Hata mapenzi yake aliyafukia. Alimpenda Dick Ketton-Cremer, kijana wa jeshi la anga kutoka familia ya Felbrigg Hall, Norfolk, aliyeuawa Krete Mei 1941, miezi ileile Vera aliyokuwa akianza kazi Baker Street. Hakuolewa kamwe.

Uraia wa Uingereza aliupata mwaka 1944 tu, na Buckmaster ndiye aliyeandika kumuunga mkono. Miezi ambayo mtambo wa Noor ulikuwa ukisema uongo ndiyo ambayo Vera alikuwa akisubiri karatasi hizo. Kumpinga mkuu wake wakati huo kungeweza kumgharimu kazi, nchi na siri zake zote, na sithubutu kumhukumu kwa kuogopa. Ila woga ulipokwisha sababu, ukimya ulibaki. Alikwenda Ujerumani akamwuliza kila Mjerumani aliyempata kuhusu kila mtu wake. Swali la Buckmaster na wale waliodondoshwa mikononi mwa adui hakuliuliza hadharani hata mara moja, hadi alipofariki Hastings, Juni 2000, akiwa na miaka 92.